Uhakiki: Istilahi za Kufunga Indiketa Katika Gari la Porini

Tumeletewa karatasi ya maelekezo yenye kurasa nne, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ili tuitolee maoni. Karatasi hiyo hufuatana na sanduku la vifaa vya kufungia indiketa katika gari dogo la porini, lile la wazi lenye viti viwili sambamba, ambalo hutengenezwa kwa ajili ya mashamba, mchanga na njia za milimani. Gari la namna hiyo aghalabu hutoka kiwandani bila indiketa, kwa kuwa halikukusudiwa kupita barabarani. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, mwenye gari hilo akitaka kulitembeza barabarani hulazimika kwanza kulifunga taa hizo, na ndiyo sababu ya sanduku hilo kuuzwa. Mfasiri hatumtaji. Makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Ni makosa yanayotupata wengi wetu tunaofasiri mambo ya ufundi.

Kwanza tumpe haki yake. Ametumia "waya wa moto" kwa waya unaoleta umeme kutoka kwenye betri, na hiyo ni lugha ya gereji. Fyuzi, swichi na balbu ameziacha kwa majina yake yaliyozoeleka, wala hakujaribu kuzibunia mengine. Sentensi zake ni fupi na za kuamuru: kata, menya, unganisha, kaza. Hivyo ndivyo maelekezo yanavyopasa kuwa.

Dosari ya kwanza ni jina la kitu chenyewe. Katika ukurasa wa kwanza kinaitwa "ishara ya kugeuza", katika wa pili "kiashiria", katika wa tatu "taa ya kona", na katika orodha ya vifaa "indiketa". Haya ni majina manne ya kitu kimoja. Msomaji mwenye bisibisi mkononi atatafuta vitu vinne, na akikuta aina moja tu sandukuni atadhani amepunjwa. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno lile lile ni udhaifu wa insha. Katika maelekezo ya ufundi mambo ni kinyume: kurudia ni wajibu, na kubadilisha neno kwa ajili ya utamu ni sawa na kubadilisha rangi ya waya katikati ya safari yake.

Je, lipi kati ya hayo manne lifaalo? "Kugeuza gari", kwa Mswahili, ni kulielekeza lilikotoka. Dereva anayehama mstari au anayeondoka kando ya barabara hageuzi kitu, lakini taa hiyo inampasa. "Kiashiria" ni neno zuri, ila maofisini limekwisha kupewa kazi nyingine: tuna viashiria vya uchumi na viashiria vya afya. "Taa ya kona" yaweza kueleweka kuwa taa ya kumulika kona. Limebaki "indiketa", ambalo dereva, utingo, askari wa usalama barabarani na mwanafunzi wa udereva wote wanalijua. Wapo watakaosema kwamba ni la kigeni. Ni kweli; lakini hata "gari" tulilipokea kutoka Bara Hindi, na hakuna anayelionea haya leo.

Dosari ya pili ni nzito zaidi, nayo inahitaji kwanza tueleze kazi ya kifaa kinachoifanya taa iwake na kuzima. Mafundi hukiita flasha. Katika flasha ya kale mna kipande cha metali mbili zilizoshikamana. Umeme ukipita, kipande hicho hupata joto, hujikunja na kukata njia. Kikipoa hunyooka na kuiunga tena. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka taa iwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Gari la volti 12 lenye balbu mbili za wati 21 kila upande hula wati 42, yaani ampea 3.5, na flasha ya kale imepimwa kwa kiasi hicho. Ukifunga taa za LED, ambazo hula wati chache tu, kipande kile hakipati joto la kutosha, na taa hubaki zikiwaka bila kukatika. Baadhi ya flasha za elektroniki nazo, zikiona umeme unaoliwa ni mdogo, hudhani kwamba balbu moja imeungua, hivyo huwaka na kuzima upesi kupita kiasi.

Hayo yote karatasi yetu inayaeleza kwa maneno machache: kwamba flasha haitafanya kazi "bila mzigo wa kutosha". Katika fizikia ya darasani "mzigo" huenda likapita. Lakini hili ni gari la shamba lenye tela fupi nyuma la kubebea magunia. Mkulima atakayesoma sentensi hiyo ana kila haki ya kupakia mahindi kisha akajaribu indiketa tena. Neno halikukosewa katika kamusi. Limekosewa mahali lilipowekwa. Ingalitosha kuandikwa: "Flasha hii inataka taa zinazokula umeme usiopungua kiasi fulani", na kiasi hicho kikatajwa kwa wati. Kiswahili kina kitenzi "kula" kwa maana hiyo hiyo, na hakuna fundi asiyekielewa.

Kosa hilo limezaa jingine. Juu ya flasha nyingi za miguu mitatu zimechorwa herufi B, L na E. B ni mguu wa betri, E ni wa ethi, na L ni wa kupeleka umeme kwenye taa, kutokana na neno la Kiingereza lile lile lililofasiriwa "mzigo". Mfasiri amekutana na L peke yake na kuifasiri "kushoto", kwa kuwa kwenye swichi herufi hiyo ina maana hiyo. Fundi akimfuata, atapeleka umeme taa za kushoto tu bila kupitia swichi, na ufunguo ukifunguliwa taa hizo zitawaka na kuzima daima. Alama iliyochorwa juu ya chombo haifasiriwi kamwe. Hunukuliwa kama ilivyo, kisha ikaelezwa. Wajerumani waliliona hilo mapema. Katika kanuni yao ya DIN 72552 kila ncha ya waya wa gari ina nambari yake: 15 ni umeme unaopatikana ufunguo ukifunguliwa, 31 ni ethi, 49 ni umeme unaoingia kwenye flasha, na 49a ni unaotoka. Nambari hizo husomwa sawasawa na fundi wa lugha yoyote. Huo ndio usanifishaji katika sura yake kamili.

Tatu ni neno "ardhi". Mwaka 1838 Mjerumani Steinheil alionyesha kwamba simu ya maandishi yaweza kutumia ardhi yenyewe badala ya waya wa pili, na tangu zama hizo za simu Waingereza wamezoea kuita njia ya kurudishia umeme kwa jina la udongo. Gari husimama juu ya mipira. Umeme wake haurudi ardhini, bali hurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Kuandika "unganisha waya mweusi na ardhi" ni kufasiri historia ya Waingereza badala ya kazi iliyopo. Mafundi wetu husema "ethi", na wengine husema "bodi". Hapa hata lugha ya gereji yapasa kupimwa, kwa maana magari mengi ya porini ya aina hii yana bodi ya plastiki, na plastiki haipitishi umeme. Anayeambiwa afunge waya kwenye bodi atafunga, ataona giza, kisha atailaumu flasha. Wala tusiseme kwamba ethi na "hasi" ni neno moja. Katika magari mengi ya leo ethi ni ncha hasi, lakini Land Rover za miaka ya 1950 zilikuwa na ethi ya ncha chanya. Kwa hiyo twapendekeza "ethi" libaki kuwa jina la njia, na mahali pa kufunga patajwe waziwazi: kwenye fremu ya chuma iliyokwanguliwa rangi, au kwenye ncha hasi ya betri.

Dosari ya nne haimo katika istilahi yoyote moja, na pengine kwa sababu hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote. Karatasi inaagiza waya fulani uende taa za "upande wa dereva" na mwingine "upande wa abiria". Huko maelekezo yalikoandikwa magari hupita kulia na usukani uko kushoto. Kwetu Tanzania, na kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda, magari hupita kushoto na usukani uko kulia. Mfasiri amefasiri kila neno barabara, na kwa usahihi huo huo ameipeleka indiketa ya kushoto kulia. Mwenye gari lenye usukani wa kulia akifuata maelekezo hayo, siku atakapotaka kuingia kulia, mbele ya magari yanayomjia, taa zake zitawaambia wote kwamba anakwenda kushoto. Mwendesha pikipiki aliye nyuma yake atapita upande wa kulia kwa imani kwamba njia ni nyeupe. Hapa kosa la mfasiri si la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Ilipasa kuandikwa "kushoto" na "kulia", na kuongezwa: "ukiwa umekaa kitini, unatazama mbele".

Kutokana na hayo twawashauri wafasiri, walimu wa ufundi na maofisa wanaopitisha maandishi ya namna hii mambo manne. Kitu kimoja kiwe na jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Neno la gereji litangulie neno la kubuni, lakini nalo lijaribiwe juu ya chombo kinachozungumzwa. Alama zilizochorwa zisifasiriwe. Na kabla karatasi haijapigwa chapa, apewe fundi asiyesoma Kiingereza, afunge vifaa kwa kuifuata hiyo peke yake, na mfasiri akae kando akitazama bila kumsaidia. Pale mkono wa fundi utakaposita, mfasiri aweke alama; hapo ndipo pa kurudia kazi.

Karatasi yenyewe tumeirudisha kwa mwenyewe pamoja na masahihisho. Wasomaji wetu walioko mikoani, hasa walimu wa vyuo vya ufundi, tunawaomba watuletee maneno yanayotumiwa katika gereji za kwao kwa ajili ya flasha, ethi na fremu, pamoja na sentensi yanamotumika. Neno lililoletwa peke yake, bila kazi yake, halitatusaidia.