Kebo Nzima, Upande Usio Wake

Skrini ilikuwa ya mtumba, ya aina inayotumika maofisini, na mgongoni ilikuwa na matundu mawili tu: VGA na DisplayPort. Laptopu ya duka la kuchapa barua, hapa Nyakabere, Uvira, ina HDMI peke yake. Mwenye duka akanunua kebo yenye kichwa cha DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili, akachomeka. Skrini ikawaka, ikaandika kwamba hakuna ishara, kisha ikazimika.

Fundi wa kwanza aliulaumu umeme: umekatika, umerudi kwa nguvu, skrini imeungua. Kwa huku kwetu dhana hiyo si ya kijinga. Lakini skrini inayoweza kuandika ujumbe wake yenyewe ina umeme, ina taa ya ndani na kioo chake kinafanya kazi. Kilichokosekana ni picha kutoka nje.

Wa pili alikuwa makini zaidi, na ndiye aliyepotea mbali zaidi. Aliichukua kebo, akaiunga kati ya kompyuta ya mezani yenye DisplayPort na televisheni yenye HDMI. Picha ikatoka safi. Akaamua: kebo ni nzima, basi tundu la laptopu limekufa. Kipimo chake kilikuwa sahihi, ila alipima safari ya kwenda wakati mteja alitaka ya kurudi.

HDMI, iliyotoka mwaka 2002, na DisplayPort, iliyotangazwa na VESA mwaka 2006, hupeleka picha kwa mpangilio tofauti. DisplayPort huikata picha vipande vidogo kama data za mtandao. HDMI huimimina mfululizo, mstari baada ya mstari. Tundu la DisplayPort kwenye kompyuta nyingi limepewa uwezo wa kutoa ishara za HDMI lenyewe, na kebo rahisi kazi yake ni kurekebisha volti tu. Tundu la HDMI halina uwezo huo wa kugeuka. Kwa hiyo kebo ile hufanya kazi picha ikitokea upande wa DisplayPort tu. Ukiigeuza, hata ungenunua kumi, skrini itabaki nyeusi.

Tundu la laptopu lilisafishwa jina kwa kuiunga na televisheni ile ile kwa kebo ya kawaida ya HDMI. Ilibaki kuchagua dawa: kigeuzi chenye saketi yake kutoka HDMI kwenda DisplayPort, ambacho kwa kawaida hudai umeme wa USB, au kile kidogo cha HDMI kwenda VGA. Tulichukua cha pili, kwa kuwa tundu la VGA lilikuwepo, na kwa barua na fomu linatosha kabisa. Herufi zilitoka na ukungu kidogo. Kitufe cha kujirekebisha kwenye skrini kikaumaliza. Kigeuzi hicho nacho hunyonya volti 5 kutoka kwenye HDMI, na kiwango rasmi cha HDMI kinaidai laptopu itoe miliampea 55 tu, hivyo kama picha inapotea-potea, tafuta chenye tundu la kuongezewa umeme.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji picha inatoka kwenye tundu gani na inaingia kwenye lipi. Ukitaja majina mawili bila mwelekeo, kuna hatari akupe kebo ile ile.