Awara Alipofika Uroa

Katika semina zetu za fasihi kuna swali ambalo halikosi kuzuka kila muhula: filamu inaweza kutufundisha nini juu ya binadamu? Wapo wanaojibu kwamba ni kioo cha jamii, wakaishia hapo. Wapo wanaosema ni upuuzi wa kupitishia jioni tu. Mie naona pande zote mbili zinatazama pahala pasipo, na nitajaribu kueleza kwa nini. Nitaanza na vitabu, kisha nitamalizia ukumbini kwetu, Uroa.

Kitabu cha kwanza ni cha mwanahistoria Laura Fair, Mmarekani aliyeandika juu ya watu wa kawaida wa mji wa Unguja katika Pastimes and Politics (2001): mavazi yao, taarab yao, mpira wao, kati ya 1890 na 1945. Mwaka 2018 akatoa Reel Pleasures, kinachohusu majumba ya sinema katika miji ya Tanzania. Wanahistoria waliomtangulia katika uwanja huu, kama Marc Ferro wa Ufaransa katika miaka ya 1970, waliisoma filamu zaidi kama hati: inatuambia nini juu ya jamii iliyoitengeneza? Fair anauliza jengine. Filamu ikishatengenezwa Bombay ikatua Unguja, watazamaji wa Unguja waliifanyia nini?

Hapana shaka hilo ndilo fanikio lake kubwa. Amekaa na watu wazima wakamsimulia picha walizoziona ujanani, nani walikwenda naye, nguo gani walivaa, na mjadala gani walirudi nao nyumbani. Katika makala yake moja iliyotoka 2009 anaishughulikia Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, na anaonesha jinsi vijana wa Zanzibar walivyoitumia kujadili mapenzi na ndoa: je, mtu achaguliwe mchumba na wazee, au afuate moyo wake? Hapo sinema inakuwa baraza. Wengi hawakujua Kihindi, lakini kutojua lugha hakukuwazuia kubishana.

Pamoja na sifa hizo, nina hoja mbili za kumpinga.

Hoja ya kwanza ni ya maudhui. Mapenzi ya Raj na Rita yamo katika Awara, tena yametawala nyimbo na mabango. Lakini kiini cha hadithi kipo kwengine. Hakimu Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa imani hiyo amemtia hatiani Jagga, na Jagga analipiza kisasi kwa kumteka mke wa hakimu kisha kumrudisha, ili mume aingiwe na shaka. Mke ana mimba. Hakimu anamfukuza. Mtoto anazaliwa na kukulia katika ufukara, na Jagga mwenyewe anamlea katika wizi ili amthibitishie hakimu kwamba damu ya hakimu nayo huiba. Swali la filamu basi ni hili: binadamu anafanywa na nasaba au na malezi?

Sasa hebu tuliweke swali hilo Unguja. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897. Watu walioiona Awara katika miaka ya 1950 wengi wao walikuwa wajukuu wa watu waliouishi wakati ule, wakiwa watumwa au mabwana. Fair mwenyewe, katika kitabu chake cha mwanzo, ndiye aliyetufundisha jinsi vizazi hivyo vilivyopigania kujivua majina ya kudharauliwa, kwa kanga, kwa buibui, kwa nyimbo. Na sisi tuna methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Watu hao wamekaa kizani, wanamtazama hakimu mwenye methali ile ile akiumbuliwa na mwanawe. Sina ushahidi wa walichokisema walipotoka, ila siamini kwamba walizungumza mapenzi peke yake. Hii ni tafsiri yangu, si ya Fair, lakini nadhani vitabu vyake viwili vikisomwa pamoja vinaielekea.

Hoja ya pili ni ya mahali. Kitabu cha Fair ni cha mjini, na anasema hivyo katika jina lake. Sisi wa mashamba tuko wapi? Uroa iko pwani ya mashariki, baina ya Chwaka na Pongwe, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani. Jumba la sinema hatukuwa nalo. Televisheni ya rangi ilianza Zanzibar mwaka 1973, zaidi ya miaka ishirini kabla ya bara, lakini huku kwetu nguzo za umeme zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bahati nzuri kijiji hiki hiki kilipata mtafiti wake: Tanja Winther, Mnorwe, ambaye The Impact of Electricity (2008) yake inaeleza namna umeme na televisheni vilivyobadilisha jioni za Uroa, wanaume na wanawake kujikuta chumba kimoja, na wageni kumiminika kwenye nyumba yenye seti. Ni kitabu cha manufaa. Ila yeye anashughulika zaidi na umeme na maisha ya nyumbani kuliko na hadithi zenyewe. Kwa hiyo Fair ana hadithi bila ya kijiji, na Winther ana kijiji bila ya hadithi.

Mimi nilivipata vyote viwili siku umeme ulipokatika.

Disemba 2009 njia ya umeme utokao bara iliharibika, na Unguja nzima ikakaa kiza mpaka Machi 2010. Nilikuwa skuli, darasa la pili. Seti ya jirani ikafunikwa kitambaa. Usiku tukarudi kwa bibi, tukikaa mkekani na kibatari, naye akatusimulia picha. Aliziona ujanani alipokuwa akikaa mjini kwa jamaa, katika maonesho ya wanawake. Katika zote, Awara ndiyo aliyoirudia.

Katika Awara ya bibi, hakimu anagundua kosa lake, anatembea kwa miguu mpaka kwenye kibanda cha mkewe, anabisha hodi. Mke yuko ndani, anamsikia. Hafungui. Hakimu anakaa nje mpaka alfajiri. Sisi watoto tulipiga kelele, "Mfungulie, bibi!" kana kwamba ufunguo anao yeye. Akatujibu, "Ngojeni. Naye alingoja."

Mwaka jana niliiona filamu yenyewe kwa mara ya kwanza. Mlango ule haumo. Mama anafariki hospitali kabla ya kesi ya mwanawe kwisha. Kusema kweli nilihisi nimedanganywa, na wenzangu niliowahadithia walicheka: bibi kasahau, au kachanganya na picha nyengine. Huenda. Kumbukumbu ya miaka hamsini si ya kuapia, na hapa wapinzani wangu wana nguvu. Lakini mtu anayesahau huacha pengo. Bibi hakuacha pengo, aliweka mlango, akaweka mtu nje na mtu ndani, na kila alipoirudia mlango ulikuwa pale pale. Bibi aliachwa mara mbili katika maisha yake. Zaidi ya hapo si langu kulisema.

Sasa nirudi kwenye semina. Tukiuliza Awara inasema nini juu ya binadamu, tukaishia kwenye skrini, tutapata jibu la Bombay la 1951: malezi yanashinda damu. Ni jibu zuri. Lakini Uroa, gizani, mwanamke mmoja aliona kwamba jibu hilo limemkomboa mwana na baba, likamuua mama, naye hakuridhika. Akahakiki. Hakuandika makala, alibadilisha mwisho. Kwangu mimi huo ni uhakiki kamili, na ndio ushahidi ambao mwanahistoria wa sinema anapaswa kuutafuta: pale hadithi inaposimuliwa vibaya kwa makusudi.

Ombi langu kwa wahadhiri wetu ni dogo. Tunapotumwa kukusanya ngano na hadithi za vijijini, hutakiwa tukatae zile "zilizotoka kwenye sinema" kwamba si za asili. Naomba tuzikusanye. Wazee waliokwenda kwenye maonesho yale wanapungua kila mwaka, na mwisho wao haumo katika mkanda wowote. Nami nilichelewa: bibi yangu hakuniambia kama mlango ulifunguliwa. Kila usiku alifika alfajiri ile, akazima kibatari, akatwambia tulale.

Mwenye rai nyengine, uwanja ni huu.