Nani Anamfidia Nani?

Katika matangazo yanayobandikwa hapa Kakuma kuna neno moja linalonisumbua kuliko mengine yote, nalo ni fidia. Si kwamba nalichukia. Ni neno zuri, tena la heshima. Tabu ni kazi linayopewa siku hizi.

Limetoka Kiarabu, na kazi yake ya zamani ni kukomboa: unatoa kitu, mateka anaachiwa. Waislamu wenzetu wanalijua tangu madrasa. Mzee au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, akishindwa kufunga Ramadhani, hutoa fidia, yaani kumlisha maskini mmoja kwa kila siku iliyompita. Wakristo wamelisikia katika Marko 10:45, ambako Yesu anasema anaitoa nafsi yake iwe fidia kwa ajili ya wengi. Na barabara ikipitishwa shambani kwa mtu, fidia ni malipo ya kile alichopoteza. Tazama vizuri matumizi hayo. Kila mahali yupo anayetoa na yupo anayetolewa, na mara nyingi kipimo kinajulikana: siku moja, maskini mmoja. Fidia haijitoi yenyewe.

Sasa njoo kwenye ubao. Kuna tangazo nililolinakili kwenye daftari langu. Ofisi iliyoliandika sitaitaja. Lilisema mgao wa mafuta ya kupikia umepunguzwa, na kwamba upungufu huo “utafidiwa” kwa mbegu za mboga. Mama mmoja nyuma yangu, mtu wa Uvira, akauliza kwa sauti: “Sasa iyo mboga yenyewe tutaikaanga na nini?” Watu wakacheka. Mimi naona huo ndio uhakiki bora wa sentensi ile, na sina cha kuuzidi ila kueleza kwa nini yule mama ana haki.

Mwandishi wa tangazo, nadhani, alitaka kusema kitu kingine kabisa: jambo moja limeshuka, lingine limepanda, na yale mawili yanavutana. Waingereza wana neno lao kwa hilo, wachumi na wahasibu wanaishi nalo, na halihitaji kuwa na mtu ndani yake. Namba hii inavuta chini, ile inavuta juu, jumla inabaki palepale. Mfasiri akiwa na haraka (na sisi tunaofasiri hapa kambini tuna haraka kila siku) anafungua kamusi anaokota fidia. Lakini fidia imebeba watu. Anayeisoma anasikia ahadi mbili: kuna anayekubali kwamba nimepoteza, na ninachopewa kinalingana na nilichopoteza. Tangazo halikukusudia kuahidi hata moja.

Tuipime hiyo ya pili. Kipimo cha msingi cha msaada wa chakula ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Gramu 100 za mafuta zina karibu kilokalori 900. Gramu 100 za sukuma wiki hazifiki hata 60. Mboga zina vitamini, sikatai, na bustani za magunia zimesaidia familia nyingi. Lakini mbegu inataka maji, na foleni ya bombani wote tunaijua. Ni vitu viwili tofauti. Hakuna mizani itakayovilinganisha.

Sisi Wakongo tuna mlango wetu wa kutokea: tunasema kukompanse, tumeitoa kwenye Kifaransa, basi tunaendelea na safari. Haisaidii kitu. Ni fidia ileile iliyovaa koti.

Neno zuri zaidi nimelikuta dukani. Bamba Chakula ilipoanza mwaka 2015, sehemu ya mgao iligeuzwa kuwa salio la simu, na wenye maduka wakazoea kukopesha kabla salio halijaingia. Likiingia, mwenye duka anasema: “Nimekata yangu, imebaki hii.” Kukata! Deni na salio vimekutana, kimoja kimemla mwenzake, na kilichobaki kila mtu anakiona. Hakuna anayetoka pale akidhani amefadhiliwa. Hebu mwambie mwenye duka huyo kwamba salio lako “limefidia” deni, uone atakavyokutazama.

Na vijana wa mpira wana maneno mawili ambayo ofisi zingeweza kuyaazima. Ukiwa nyuma 2–1 ukafunga, hilo ni bao la kusawazisha. Ukiwa nyuma 3–0 ukafunga, hilo ni bao la kufutia machozi. Hakuna mtangazaji anayeyachanganya, maana msikilizaji anajua matokeo. Mbegu zile, kwa mafuta yale, zilikuwa za kufutia machozi. Hakuna aibu kusema hivyo. Machozi nayo yanahitaji kufutwa.

Kosa hili si la kambi peke yake. Kule Kasigau, Taita Taveta, msitu unalindwa na tangu 2011 vyeti vya hewa ukaa vinatolewa na kuuzwa kwa ajili yake. Kampuni ya mbali inanunua cheti, moshi wake unaendelea, kisha tunaambiwa imefidia. Imemfidia nani? Pesa inayofika kwa wanakijiji ni ujira wa kutunza msitu, na ni halali yao. Mfugaji wa Turkana aliyefiwa na mbuzi kwa ukame hayumo katika hesabu hiyo. Kampuni imesawazisha daftari lake, ndivyo ningeandika, na ningemwachia msomaji aulize kama daftari ni kweli.

Najua kuna atakayenijibu kwa methali: baada ya dhiki, faraja. Sawa. Ila methali imesema “baada”. Haikusema faraja inaifuta dhiki, wala haikutaja kiasi.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, na kwa wafasiri wenzangu, tangazo lile ningeliandika hivi: “Mafuta yamepunguzwa. Tutagawa pia mbegu za mboga. Mbegu hazichukui nafasi ya mafuta.” Niliwaonyesha watu wawili. Mfanyakazi mmoja wa shirika aliona ni kali mno kwa ubao. Jirani yangu aliisoma mara moja, akataka kujua mbegu zinagawiwa saa ngapi.