Uso Usio na Jina: Irma Stern na Picha zake za Unguja

Katika makala hii tunakusudia kuzitazama picha alizozichora Unguja mchoraji Myahudi Irma Stern, aliyefika huko mwaka 1939 na tena mwaka 1945. Picha hizo hazitajwi sana vyuoni mwetu, ingawa zimechorwa katika pwani yetu wenyewe. Hata hivyo anayejifunza fundisho la mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu atakuta humo swali gumu.

Stern alizaliwa mwaka 1894 huko Schweizer-Reneke, Afrika ya Kusini, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Alisoma sanaa Weimar na Berlin, ambako Max Pechstein alimtia moyo, akarejea Cape Town mwaka 1920. Baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933, nchi iliyomfundisha ilimfungia mlango. Sisi Walutheri hatuna budi kusimama kidogo hapa, kwa maana maneno makali aliyoyaandika Luther mwaka 1543 juu ya Wayahudi yalitumiwa na Wanazi hao hao. Stern akazidi kuielekea Afrika: Unguja, na pia Kongo alikokwenda mwaka 1942. Kila nchi aliitungia kitabu, cha Kongo mwaka 1943 na cha Unguja mwaka 1948.

Kazi yenyewe ni ya mkono wenye nguvu. Rangi ni nzito, uso unakaribia kuijaza picha yote, na anayetazamwa hadhihakiwi. Picha kadhaa alizitia katika fremu za mbao za nakshi kutoka milango ya Unguja. Wengine huisifu hatua hiyo. Sisi tunajiuliza nyumba ilibaki na nini mlango ulipoondoka.

Tuchukue picha moja ya mwaka 1945, ya mzee mwenye ndevu na kilemba. Jina lake la Kiingereza maana yake ni Kasisi Mwarabu. Uislamu hauna kasisi. Una sheikh, imamu, kadhi na mwalimu wa chuo, na mtoto yeyote wa madrasa angelisahihisha kosa hilo. Mwaka 2011 picha hiyo iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Bei ilipanda, kosa likabaki, na jina la mzee halikuandikwa.

Tutajibiwa kwamba ndivyo wachoraji wa Ulaya walivyozoea, wakichora aina ya watu badala ya mtu. Ni kweli, lakini jibu hilo halitutoshi. Hapa Bonga, kwenye njia ya kwenda Kondoa, tunaijua desturi hiyo. Maandishi ya wageni wa zamani yaliwaita Wagorowa Wafiomi, na mzee mwenye ukoo, shamba na jina alilopewa na baba yake akawa "Mfiomi mmoja". Linalotusikitisha zaidi ni kwamba Stern mwenyewe alikuwa wa taifa ambalo wakati ule ule lilikuwa likihesabiwa kwa aina, na watu wake wakipewa namba.

Mji huo wa Weimar ulimfundisha pia Myahudi mwingine, Friedl Dicker wa Vienna, aliyeingia shule ya Bauhaus mwaka 1919. Huyu alikuwa mchoraji na pia mwalimu wa sanaa. Mwezi Desemba 1942 yeye na mumewe, Pavel Brandeis, walipelekwa katika geto la Terezín, na humo akawafundisha watoto kuchora. Karatasi zilikuwa chache, hata zilizokwisha kutumika zilitumiwa tena. Hakuwalazimisha waige mkono wake; aliwataka waangalie vema, kisha watie majina yao kwenye picha. Fikirini uzito wa agizo hilo mahali ambapo kila aliyesafirishwa alikuwa na namba yake! Mwezi Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz-Birkenau akauawa huko, na wengi wa wanafunzi wake hawakupona.

Picha za watoto zilifichwa katika masanduku mawili, zikafikishwa Prague baada ya vita. Ni takriban 4,500, nazo ziliingia katika Makumbusho ya Kiyahudi ya mji huo. Pembeni mwa nyingi jina la mtoto lingali linasomeka, mara nyingine pamoja na namba ya chumba alichokuwa akilala.