Sauti ya Dada Yetu Ndani ya Chuma

Wengi wakisikia habari ya roboti, yaani mtambo uliofanyizwa kwa mfano wa mtu ili utumike, hudhani kwamba ni mambo ya ng'ambo, yasiyotuhusu sisi wa Bariadi wenye majembe ya ng'ombe na mashamba ya pamba. Lakini katika picha ya sinema iitwayo The Wild Robot, iliyotolewa Marekani mwaka 2024, roboti anasema kwa sauti ya Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Basi yafaa tuulize: sauti ya mwenzetu ndani ya chuma ni heshima, au ni utumishi wa zamani uliovikwa nguo mpya?

Swali hili si la bure. Neno roboti lilienea kwa mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Karel Čapek wa Chekoslovakia mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti. Tena roboti huyu, jina lake Roz, aangukapo kisiwani huanza kwa kumwuliza kila mnyama ampe kazi. Mtu akumbukaye sinema za kale, ambamo Mwafrika alionyeshwa akibeba mizigo na kuitikia mabwana, ana haki ya kuona shaka.

Hata hivyo hadithi yenyewe yamwinua. Roz hakuwashurutisha wanyama wajifunze lugha yake. Aliketi kimya siku nyingi, akisikiliza, hata akaelewa maneno yao. Hapa msomaji wa Simiyu hana haja ya mfasiri. Mgeni ajaye kwetu akasikiliza Kisukuma mpaka aweze kuitikia salamu, huyo hupewa kiti. Ajaye kuamrisha hubaki mgeni, hata akileta zawadi. Baadaye Roz alimlea kifaranga yatima wa bata bukini, na wakati wa baridi kali akawakusanya wanyama wote katika nyumba moja. Mbweha hakugeuzwa bata. Kila mmoja alibaki na namna yake, ila walipatana wasilane. Na wenye mtambo walipotaka kumrudisha, wale wale waliomwogopa ndio waliompigania. Huyo si mtumwa tena, bali ni mzazi na jirani.

Lakini kasoro ipo. Uso wa Lupita hauonekani, wala hasemi lugha yoyote ya kwetu. Mtoto wa Bariadi asipoambiwa, hatajua kwamba amsikiaye ni dada yake. Wanuri Kahiu wa Kenya alikwenda mbali zaidi mwaka 2009 katika picha yake fupi, Pumzi. Humo wakati ujao umewekwa Afrika ya Mashariki iliyokauka, na mwanamke Mwafrika, Asha, aonekana waziwazi akichukua mche jangwani aupande. Habari ya mvua iliyokosekana twaijua kuliko theluji.

Kwa hiyo naisifu picha ya Roz, wala sisemi kwamba yatosha. Mwalimu atakayeionyesha na awaulize wanafunzi wake: kama roboti huyo angaliangukia Bariadi, angalisikia nini kwanza, na nani angalimpokea? Kisha awape kalamu waandike.