Dakika Niliyoikata

Kwetu Noeli haianzi na kuku. Inaanza na laptopu ya kazini ambayo kioo chake kimepasuka kwenye kona, na kispika kidogo tunachokitia ndani ya sufuria tupu ili sauti ijae. Tuko watu sita, chumba kimoja, Mbugangari. Koko anapewa kiti pekee chenye mgongo. Mama anakaa kitandani na kitinda mimba mapajani, sisi wengine mkekani. Na filamu ni ileile ya mwaka jana na mwaka juzi: The Snowman.

Kwa wale hamjaiona, hii ni katuni ya Uingereza ya dakika 26, ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya Channel 4 tarehe 26 Desemba 1982. Ilitoka kwenye kitabu cha picha cha Raymond Briggs cha mwaka 1978. Kijana mdogo anaamka, anakuta theluji imefunika kila kitu. Anajenga mtu wa theluji, anamvika kofia na skafu, anambandika chenza pale kwenye pua. Usiku wa manane yule mtu anapata uhai. Wanazunguka ndani ya nyumba, wanapanda pikipiki, halafu wanaruka angani mpaka kaskazini kabisa, wanamkuta Papa Noeli, na kijana anapewa skafu mpya. Wanarudi. Asubuhi anakimbia nje na nguo za kulalia, na pale alipomwacha rafiki yake kuna kofia, skafu ya zamani na kirundo cha theluji. Basi, imeisha hapo.

Hakuna anayeongea. Ni muziki tu, na wimbo mmoja wakati wanaruka. Nadhani watu wa huko wanaona hilo ni pambo. Kwetu ndilo linalofanya filamu iwezekane. Koko anafikiri kwa Kinyarwanda, mama anaomba kwa Kiswahili na kukasirika kwa Lingala, mimi nilisoma kwa Kifaransa Goma, wadogo zangu wanasoma kwa Kiingereza huku. Filamu nyingine zote lazima mmoja atafsiri, na huyo mmoja ni mimi. Nikitafsiri, watu wanacheka wakiwa wamechelewa, kila mtu kwa saa yake, kama redio mbili zinazosema habari moja. Kwenye The Snowman tunacheka pamoja. Nafikiri ndiyo dakika 26 pekee za mwaka ambazo nyumba yetu ina lugha moja.

Niliwahi kujaribu nyingine. Mwaka mmoja nilileta How the Grinch Stole Christmas, ile ya 1966, ambayo msimulizi wake ni Boris Karloff. Imechorwa vizuri, sikatai, na yule mbwa anachekesha. Lakini inasimuliwa kwa mashairi ya Kiingereza ya haraka, nilihema kama mtu anayepanda Rubavu na gunia la viazi. Halafu kuna kitu kilinikera. Grinch anaiba kila kitu usiku, asubuhi watu wa kijiji wanatoka na kuimba kwa furaha bila zawadi, ili tuelewe kwamba furaha haihitaji vitu. Sawa. Ila baadaye vitu vyote vinarudishwa, nyama inakatwa mezani. Somo la kufurahi mikono mitupu ni rahisi kama mikono itajazwa kabla ya chakula cha mchana. Mama alisema tu: "Banaimba juu hawajue kama hazitarudi." Hatukuiangalia tena.

The Snowman hairudishi kitu. Nitafika huko. Kwanza niseme jinsi tunavyoiangalia, kwa sababu nusu ya filamu hii kwetu iko kwenye midomo ya watu wa mkekani.

Wadogo zangu wanahesabu vyumba. Kijana mmoja, chumba chake peke yake! Kuna chumba cha wazazi, jikoni, sebule, gari lina nyumba yake. Mwaka huu walifika saba, na mmoja akasema ngazi nazo zihesabiwe. Wakifika pale yule mtu anapoingia kwenye friza kupata baridi, wanalala chini kwa kicheko. Pale anapojaribu meno ya bandia ya wazazi wakiwa wamelala, koko, ambaye meno yake yamebaki matatu, anasema kila mwaka: "Hayo mimi ningeyachukua." Kila mwaka tunacheka kama ni mara ya kwanza.

Lakini koko pia ndiye mkosoaji mkali kuliko mimi. "Mutoto anatoka usiku, na mutu asiyemujua, wazazi beko banalala tu?" Na ni kweli bana. Mimi kazi yangu kila wiki ni kuwaambia watoto wasifuate mtu yeyote anayewaahidi safari. Tuna mabango ukutani. Halafu Desemba nawaonyesha kijana anayeshika mkono wa mtu mkubwa mwenye kofia na kutoweka naye gizani. Nyinyi mnaofanya kazi ya ulinzi wa watoto kwenye mashirika, mkiisoma hii msinipigie simu. Nimewaza sana juu ya hilo. Jibu langu ni kwamba filamu inakumbuka vizuri jinsi mtoto anavyotamani rafiki asiyeombwa ruhusa, na hamu hiyo iko hata kwa mtoto aliyesoma mabango yote.

Halafu kuna kuruka. Hapa ndipo hata mama ananyamaza. Michoro haina mistari migumu kama katuni nyingine, inaonekana kama penseli ya rangi na chaki, na inatetemeka kidogo, kwa hiyo ardhi ya chini inaonekana hai. Wanapita juu ya mashamba, mji wa pwani, bahari, meli, milima ya barafu. Mdogo wangu wa miaka sita aliuliza swali ambalo sitalisahau: "Balipitia barrière gani? Grande ao Petite?" Kwake yeye kutoka sehemu moja kwenda nyingine ni lazima kuwe na foleni, jeton na mtu wa kukutazama usoni. Nilimwambia angani hakuna barrière. Alinitazama kama mtu anayedanganywa.

Wimbo ule wa kuruka uliandikwa na Howard Blake, ukaimbwa na mvulana wa kwaya anayeitwa Peter Auty. Watu wengi wanasema ni Aled Jones. Huyo alikuja kuurekodi baadaye, mwaka 1985, na ndiye aliyejulikana. Jina la Auty halikuwekwa kabisa kwenye orodha ya mwisho wa filamu, mpaka ilipotolewa upya baada ya miaka 20. Nilipowaeleza hayo vijana wa kikundi changu walichangamka kuliko wakati wa filamu yenyewe. Kila mmoja ana hadithi ya jina lililokosekana kwenye orodha. Miaka 20, na sauti yako inasikika kila Noeli, na hakuna jina! Mmoja akauliza kama alienda kulalamika, na kwenye dirisha lipi.

Sehemu ninayoipenda kidogo ni kaskazini. Ile sherehe ya watu wa theluji ni ndefu, wanacheza na kucheza, na Papa Noeli ni Papa Noeli yuleyule wa chupa na kadi. Kwenye kitabu hayupo. Kitabu hata hakizungumzii Noeli: kijana na rafiki yake wanaruka mpaka Brighton, wanatazama bahari, wanarudi nyumbani. Waliotengeneza filamu ndio waliomwongeza, na unaweza kusikia mshono. Watoto wa kituoni wanaona kasoro nyingine: kwa nini zawadi ni moja, kwa mtoto mmoja? Waliokuwa kwenye foleni wako wapi? Koko anauliza kama huyo mzee hana karatasi ya majina.

Hata hivyo siwezi kumfuta Papa Noeli, maana yeye ndiye anayeleta skafu, na bila skafu mwisho wa filamu ungekuwa mwingine. Kwenye kitabu asubuhi inakuja, theluji imeyeyuka, kijana amesimama, na huna uhakika kama alikuwa anaota. Kwenye filamu anatia mkono mfukoni na skafu iko pale. Kwa hiyo ilitokea. Mtu hayupo lakini ilitokea. Nakala iliyo kwenye flashi yetu ni ile inayoanza na mwanamuziki David Bowie, yuko darini, mtu mzima, anatoa skafu ile kwenye droo. Wajuzi wanasema utangulizi ule unaharibu mwisho kwa kuuonyesha mapema. Labda. Mama anaupenda kuliko filamu yote. Alama zote za ujana wake, picha za harusi, vitenge vya mama yake, zilibaki upande wa pili tulipovuka mara ya pili. (Mara ya kwanza ilikuwa Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, wakati ule tulirudi.) Anamtazama yule mwanaume na droo yake na anasema: "Hakuipoteza, unaona?" Hasemi zaidi.

Sasa niseme nilichofanya, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Mwaka jana niliamua kuionyesha kituoni, kwa watoto kama 40, na projekta ya kuazima na shuka ukutani. Kabla ya siku yenyewe mwenzangu mmoja, mtu mwenye moyo mzuri, aliniambia nisionyeshe mwisho. Watoto hawa wameona vya kutosha, alisema, wameacha nyumba, wengine wameacha watu. Kwa nini tuwaongezee rafiki anayekufa siku ya sikukuu? Simamisha pale kijana anaporudi kitandani. Ni mwisho mzuri, wamekumbatiana, amelala.

Nikakubali. Nilijiona mwenye busara. Kijana akapanda kitandani, nikagusa kitufe, nikawasha taa, nikasema: "Imeisha, tupige makofi."

Walipiga makofi. Mdogo wangu wa miaka minane, niliyemleta mwenyewe, akasimama katikati ya watoto wote na kusema kwa sauti: "Haijaisha! Asubuhi anayeyuka!"

Nilitegemea kilio. Hakikuja. Kilichokuja ni hasira, na ilikuwa yangu mimi. Mvulana mmoja mkubwa kidogo, labda miaka 12, alikuja mpaka kwenye meza akaniuliza: "Ju ya nini mulituficha?" Nikaanza kueleza habari za Noeli na furaha. Akanikata: "Tunajua theluji inayeyuka. Hata shuleni tulisoma."

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilimwambia koko, nikitegemea anitetee. Koko alikulia chini ya Karisimbi. Mlima ule una mita 4,507, na baadhi ya asubuhi za baridi unaamka na kilele cheupe. Hata jina lake linatoka kwenye isimbi, ile simbi nyeupe. Akasema walipokuwa watoto walikuwa wanakimbia kutoka nje kuutazama kabla ya jua kupanda, kwa sababu saa tatu au nne weupe umekwisha. Hakuna aliyewazuia kutazama ati weupe hautakaa. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Raymond Briggs, aliyefariki 2022, alisema zaidi ya mara moja kwamba hadithi yake ilihusu kifo, na kwamba watoto wanatakiwa kukutana nacho mapema au baadaye. Mimi sikubaliani naye yote. Watoto wetu hawahitaji kutambulishwa. Wanachohitaji, nionavyo, ni kuona jambo wanalolijua likisemwa na watu wengine, tena watu wa mbali wenye nyumba ya vyumba saba. Dakika ile niliyoikata ndiyo dakika pekee ya filamu nzima ambayo yule kijana anaishi kama wao. Kabla ya hapo ni tajiri anayeruka. Pale kwenye theluji, amepiga magoti, ameshika kitambaa, anaweza kuwa mtu wa mtaa wetu. Nami nikawaachia tajiri, nikaficha ndugu yao.

Wiki iliyofuata niliazima projekta tena. Niliwaambia nilikosea, na kwamba leo itakwenda mpaka majina ya mwisho. Anayetaka kutoka kabla atoke, mlango uko wazi. Wawili walitoka, wakarudi kuchungulia. Mtoto mmoja mdogo alilia sana, na kesho yake mama yake alinilaumu kwamba hakulala vizuri. Alikuwa na haki, nilipaswa kumwambia kabla, na sasa nawaambia wazazi. Wengine walikaa kimya, kimya cha kweli, projekta ikisikika inavuma. Kofia pale chini. Skafu. Kijana anapiga magoti, majina yanaanza kupanda.

Hakuna aliyepiga makofi. Halafu yule mvulana wa miaka 12 akainua mkono, kama darasani.

"Na ile chenza ya pua," akasema, "nani ataikula?"

Wakaanza kubishana. Kuna waliosema ni ya kijana, kwa kuwa ndiye aliyeiweka. Wengine wakasema iachwe pale. Msichana mmoja akasema igawanywe, lakini kwanza watu waandikishwe. Tulichelewa kufunga mlango.