Juu ya dungu la Bibi

Bibi yangu hakuwahi kushika darubini, lakini kutazama ndege nilifundishwa naye, juu ya dungu katika shamba lake la uwele pale Kintinku. Uwele ukishatia maziwa tulitoka nyumbani kabla ya jua kwenda kuamia. Mimi nilipewa kombeo na debe, yeye alisikiliza. Kundi la kwelea kwelea likigeuka angani huvuma kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya majani makavu, na yeye aliisikia mvua hiyo nikiwa bado napiga miayo. "Rusha sasa, mjukuu wangu. Wakishatua tumechelewa." Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, hata kiganja hazijazi. Wakija milioni moja, hizo ni tani 10 kabla jua halijatua.

Siku moja nilimwambia kwamba nimeona kwelea wa aina mbili, mwenye mdomo mwekundu na mwenye mdomo wa manjano. Akashuka, akaokota mmoja aliyeangushwa na jiwe, akamlaza kiganjani na kumfunua manyoya ya tumbo kwa ncha ya kidole. "Huyu wa manjano ni jike, msimu wake wa kutaga umefika. Ukipita, mdomo utakuwa mwekundu tena." Nilikuja kulikuta jambo hilo vitabuni nikiwa mtu mzima, na vitabu havikuwa na la kumsahihisha.

Ufundi wote nauona umo mle: kumtazama ndege mpaka waliokuwa wawili wawe mmoja, au aliyekuwa mmoja awe wengi. Nilijua hivyo zaidi nilipofika pwani ya Tanga. Maji yakitoka, tope hujaa ndege wadogo wa rangi ya mchanga ambao wengi huwaita chekeamwezi kwa jumla. Nilikaa juu ya jiwe mpaka maji yalipoanza kurudi. Huyu hatulizi mkia hata akisimama. Yule, mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, huuchomeka topeni harakaharaka kama sindano ya cherehani, naye amezaliwa Siberia, kaskazini kabisa, akaruka mpaka kwetu kuikimbia baridi. Kwa jicho la haraka ni ndege mmoja.

Kule Amani, katika milima ya Usambara, jicho lilinishinda kabisa. Nilikwenda kumtafuta kindege wa kijivu mwenye mdomo mrefu, ambaye jina lake la kisayansi limetokana na Reginald Moreau, mtafiti aliyeanza kazi Amani mwaka 1928. Anaishi ndani ya mitambaazi iliyosongamana ukingoni mwa msitu. Kwa siku tatu nilisikia sauti yake, unyoya sikuuona. Katika daftari niliandika "nimesikia". Wapo wanaoona haya kuandika hivyo. Mimi nalithamini neno hilo kuliko orodha ndefu ya ndege walioonwa nusu nusu, maana aliyenifundisha alianza na sikio.

Kisha nikarudi nyika, kwenye joto na vumbi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mgeni akipita Kintinku kwa treni mchana hudhani nchi imelala. Lakini mbuyu mmoja wenye matundu una kasuku wadogo wa kijani, vichwa vyeusi, ukosi wa manjano. Chini yake hutembea kwezi wa rangi ya majivu, mkia mrefu, jicho la njano, ndege ambaye makao yake karibu yote ni Tanzania. Hana mng'ao wa kwezi wengine, ndiyo maana watu humpita. Nimewahi kumtazama asubuhi nzima akigeuza jani moja baada ya jingine, wala sikuchoka.

Bibi hayupo tena. Dungu sasa ni la binamu yangu, na msimu uliopita nilipanda naye. Uwele ulikuwa katika maziwa. Kundi likapita chini, nikalifuata kwa darubini: midomo ya manjano, mingi. Nikamwambia viota haviko mbali, vitakuwa kwenye miiba upande wa mbuga ya Bahi, na mayai yao huanguliwa kwa siku 10 hadi 12 tu. Akaweka kombeo chini, akajaza maji kwenye dumu. Tukaenda kuvitafuta.